Soli Nyembamba Haipunguzi Mzigo, Inauhamisha

Chapa mpya za viatu vya kukimbilia hazikauki, na siku hizi zipo nyingi zinazojisifu kwa vile zisivyokuwa navyo. Hakuna mto kisiginoni, hakuna povu nene chini ya wayo, hakuna kigumu cha kuzuia mguu usilale upande. Kilichobaki ni kitambaa chepesi, mpira wa milimita chache na nafasi pana ya vidole kutanuka. Tangazo la uzinduzi huwa na picha ya mguu mtupu mchangani, neno "asilia" mahali fulani, na bei ambayo mara nyingi hupita dola 100 kabla hujaweka usafiri na ushuru wa kukifikisha kiatu Dar es Salaam au Mombasa. Ni rahisi kumcheka mtu anayelipa zaidi ili apewe kidogo. Lakini viatu hivi vina watu wanaoviapia na wengine waliovitupa baada ya mwezi mmoja wakichechemea, na wote wanasema kweli. Ninavyoona mimi, tofauti yao inaelezeka kwa jambo moja: soli nyembamba haipunguzi mzigo wa kukimbia, inauhamisha. Inaupunguza gotini na kuushusha kwenye kigimbi, kano ya kisigino na mifupa ya wayo. Mwenye kigimbi na wayo vilivyo tayari kuupokea atafurahi. Asiye navyo ataumia, na hakuna chapa itakayomwokoa.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia kitu gani, kwa sababu wauzaji hukipa kila kiatu chepesi jina la soli nyembamba. Mwaka 2015 wataalamu 42 kutoka nchi 11 walikubaliana kwamba kiatu cha aina hii hupimwa kwa mambo matano: uzito wake, unene wa soli, mteremko (yaani kisigino kimeinuka kiasi gani kuliko sehemu ya mbele), wepesi wake wa kukunjika, na kama kina vikingio vya kuuongoza mguu. Mengi kati ya hayo unaweza kuyapima mwenyewe dukani bila kumuuliza mtu. Kishike kiatu kwa mkono mmoja, kunja ncha yake kuelekea kisigino. Kile chembamba kweli hujikunja kama chapati ya kuviringishia mayai. Kisha kikamue kama unavyokamua nguo iliyofuliwa, ncha huku na kisigino kule. Kikigoma, ndani mna kigumu. Ingiza mkono, weka dole gumba ndani na kidole cha shahada nje chini ya kisigino, halafu fanya hivyo hivyo mbele, utahisi mteremko ulivyo. Usidanganywe na neno "sifuri" katika mteremko. Altra, chapa ya Marekani, imejenga jina lake kwa viatu vyenye kisigino na ncha vilivyo sawa kwa kimo, lakini vingi vyake vina povu nene. Usawa ni kitu kimoja na wembamba ni kitu kingine. Kwa kipimo hichohicho hata akala, au makatambuga kama wasemavyo Tanzania, hayafuzu: ni bapa na yanaacha vidole huru, ila mpira wa tairi ni mzito na mgumu kukunjika.

Sasa tuhesabu huo mzigo. Anayekimbia kwa mwendo wa kawaida hukanyaga mara 1,000 hivi katika kila kilomita, miguu yote miwili. Kilomita tano ni mikanyago 5,000, mguu mmoja 2,500. Kila mkanyago mguu hupokea nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 70 anaushushia mguu wake kilo 140 hadi 210, mara 2,500, kabla ya kunywa chai ya asubuhi. Nguvu hizo haziendi likizo kwa sababu umebadili kiatu. Ukivaa kiatu chenye kisigino kinene, wengi hutua kwa kisigino mguu ukiwa mbele ya mwili, na goti hufanya kazi kubwa ya kupokea. Ukivua povu lile, kutua kwa kisigino kunauma, basi mwili wenyewe huanza kufupisha hatua na kutua kwa sehemu ya mbele au ya katikati ya wayo. Hapo kigimbi na kano yake ndivyo vinavyobeba. Utafiti mmoja wa wakimbiaji 22 waliozoea mazoezi ulikuta kwamba kukimbia pekupeku kulipunguza msukumo kwenye kiungo cha nyuma ya pia ya goti kwa takriban asilimia 12. Mwenye goti linalouma mbele akiisoma habari hiyo atanunua viatu siku hiyohiyo. Asichoambiwa na tangazo ni nani ametwishwa kilichotolewa gotini.

Mwili hujifunza kubeba, lakini sehemu zake hazijifunzi kwa kasi moja, na hapa ndipo wengi wanapoingia mtegoni. Misuli huanza kukubali kazi mpya ndani ya wiki chache. Kano zinataka miezi. Mfupa una tabia yake ya ajabu: ukitwishwa mzigo mpya, kwanza huvunja na kuondoa sehemu ya tishu zake za zamani, kisha hujenga mpya zilizo imara zaidi, na kazi yote hiyo huchukua miezi mitatu na zaidi. Maana yake ni kwamba kuna kipindi katikati ambapo mfupa ni dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza. Kipindi hicho ndicho kigimbi kimeshaacha kuuma, pumzi ni nzuri, kiatu kimeshakuwa rafiki, na mkimbiaji anajiona amefuzu. Anaongeza kilomita.

Hilo si la kubuni. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walichapisha matokeo ya wakimbiaji 36 wenye uzoefu. 17 waliendelea na viatu vyao vya kawaida, 19 wakahamia hatua kwa hatua kwenye FiveFingers za kampuni ya Vibram, vile viatu vyenye vidole kama soksi za mkono. Walipigwa picha za MRI kabla ya kuanza na baada ya wiki kumi. Katika wale 19, kumi walikuwa wamezidi kupata uvimbe wa majimaji ndani ya mifupa ya wayo, dalili kwamba mfupa unazidiwa. Katika wale 17 wa viatu vya kawaida alikuwa mmoja tu. Tazama vizuri: hawa si watu waliotoka sofani, na hawakuruka moja kwa moja kutoka soli nene hadi nyembamba. Wiki kumi zilionekana ni subira, na hazikutosha. Mwaka uliofuata utafiti mwingine uliwafuata wakimbiaji karibu 100 kwa wiki 12 katika aina tatu za viatu. Walioumia zaidi ni waliovaa viatu vya nusu kwa nusu, vyepesi lakini bado vina povu kidogo, na waliovaa vyembamba kabisa walilalamikia zaidi maumivu ya kigimbi na muundi. Wa kwanza wananishughulisha zaidi. Kiatu chembamba kabisa humpigia mtu kelele akikanyaga vibaya, kile cha nusu kinanyamaza. Hiyo ni tafsiri yangu, si ya watafiti, lakini inatosha kunifanya nisimshauri mtu aanze na kile cha katikati eti ndicho salama.

Uzito wa mwili nao una neno. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi iliyofuata wakimbiaji 61 kwa wiki 26, baadhi yao wakiongeza viatu vyepesi taratibu hadi vikafika kiasi cha theluthi moja ya mazoezi yao. Waliozidi kilo 71 hivi walizidi kuumia walipovaa vyembamba kuliko wenzao wa uzito uleule waliobaki na vya kawaida, na kadiri kilo zilivyoongezeka ndivyo hatari ilivyopanda. Matangazo ya viatu hivi huonyesha vijana wembamba kama mianzi. Anayenunua mara nyingi ni mtu wa miaka 40, kilo 85, ambaye daktari amemwambia ajishughulishe.

Biashara hii imeshapitia darasa lake, na kila chapa mpya inayozinduliwa inalijua hata kama hailitaji. FiveFingers ziliingia sokoni mwaka 2006. Mwaka 2009 kikatoka kitabu cha Christopher McDougall kuhusu Watarahumara wa Mexico, wanaokimbia masafa marefu kwa kandambili zilizokatwa kwenye tairi kuukuu, ndugu kabisa wa akala zetu, na ghafla Wamarekani wakaanza kuvua viatu mabarabarani. Mwaka 2012 mteja mmoja akaishtaki Vibram kwamba inatangaza faida za afya, kama kuimarisha misuli na kupunguza majeraha, bila ushahidi wa kutosha. Mwaka 2014 kampuni hiyo, huku ikikana kosa, ilikubali kutenga dola milioni 3.75 za kuwarudishia wateja na kuacha madai hayo mpaka yawe na ushahidi wa kisayansi. Wateja walitajiwa hadi dola 94 kwa jozi. Walipokuwa wengi wa kugawana, kila jozi ilipata dola 8 na senti kadhaa. Kwa hiyo siku hizi tangazo la uzinduzi halisemi tena "hutaumia". Linasema "hisi ardhi", "rudi kwenye asili", "uache mguu uwe mguu". Ni maneno matamu, na yameandikwa kwa uangalifu ili yasiahidi kitu. Unaposoma tangazo la chapa mpya, tafuta kitenzi. Kikiwa "hupunguza" au "huzuia", uliza ushahidi uko wapi. Kikiwa "hisi", umeuziwa hisia, na si vibaya kununua hisia mradi ujue ndiyo uliyolipia.

Msomaji wa Afrika Mashariki atanikatiza hapa, na ana haki. Atasema: watoto wa Bonde la Ufa wanakimbia pekupeku kwenda shule, kisha wanaishinda dunia. Atamtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma tarehe 10 Septemba 1960 bila viatu, kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16. Na akiwa amesoma zaidi atautaja utafiti wa Daniel Lieberman wa Harvard uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2010, uliolinganisha Wakenya waliokua pekupeku na watu waliozoea viatu, ukaonyesha kwamba waliozoea kwenda pekupeku mara nyingi hutua kwa mbele na hawapati ule mgongano mkali wa kisigino. Yote ni kweli. Lakini utafiti ule ulipima mgongano, haukuhesabu majeruhi, na sehemu ya gharama zake ililipwa na Vibram, jambo ambalo watafiti wenyewe walilitangaza wazi. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine walikwenda kaskazini mwa Kenya kwa Wadaasanachi, watu wanaotembea pekupeku maisha yao yote, wakawapima 38. Wakikimbia kwa mwendo wanaoupenda wenyewe, karibu robo tatu ya mikanyago yao ilitua kwa kisigino. Kwa hiyo hata "asili" haina sauti moja: mwendo, ardhi na mazoea vinaamua mguu utue vipi.

Halafu huo mfano wa mtoto wa Bonde la Ufa, ukiuangalia vizuri, unanisaidia mimi. Mtoto yule hakubadili kiatu katika wiki kumi. Alianza kutembea pekupeku akiwa na mwaka mmoja, akiwa na kilo kumi, na mifupa yake ikakua ndani ya mzigo uleule, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo mafunzo ya taratibu kuliko yote yanayoweza kufikiriwa. Karani aliyevaa viatu vya ngozi vyenye kisigino kwa miaka 25 hawezi kuyanunua kwa dola 120. Na Bikila? Miaka minne baadaye, Tokyo 1964, alikimbia na viatu miguuni, akashinda tena, kwa saa 2 dakika 12 na sekunde 11. Sisemi viatu ndivyo vilivyompa zile dakika tatu, maana alikuwa mkimbiaji bora zaidi pia na njia ilikuwa nyingine. Nasema tu kwamba bingwa mwenyewe hakuifanya pekupeku kuwa dini. Waliokulia katika hadithi hiyo nao hawaifanyi dini. Kampuni ya Enda ya Kenya, iliyoanzishwa na Navalayo Osembo na Weldon Kennedy, ilichangisha fedha kwenye Kickstarter mwaka 2016 ili itoe kiatu chake cha kwanza, ikakiita Iten kwa jina la mji wa wakimbiaji. Wangeweza kabisa kuuza hekaya ya mtoto asiye na viatu, na wazungu wangeinunua. Walichotengeneza ni kiatu chepesi chenye mto wa wastani na mteremko wa milimita 4.

Kuna pingamizi la upande wa pili: basi tuvae soli nene na tulale usingizi. Wakimbiaji wa juu wamekwenda huko kwa miguu yote miwili. Eliud Kipchoge alikimbia Vienna mwaka 2019 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40 akiwa juu ya soli nene yenye bamba la kaboni, na mapema mwaka uliofuata shirikisho la riadha duniani likaweka mpaka wa milimita 40 kwa viatu vya mashindano ya barabarani. Lakini viatu vile ni vya kasi, havikutengenezwa kulinda goti la mtu anayezunguka uwanja wa mtaa wake. Kuhusu kuzuia majeraha, mapitio makubwa ya Cochrane ya mwaka 2022, yaliyokusanya majaribio 12 yenye washiriki zaidi ya 11,000, hayakupata ushahidi wa kutegemewa kwamba aina moja ya kiatu huwakinga watu kuliko nyingine. Utafiti mmoja wa Luxembourg wa wakimbiaji 848, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta waliovaa soli ngumu wakiumia zaidi ya waliovaa laini. Ni hoja nzuri kwa upande wa ulaini, ila viatu vyote viwili vilikuwa vya kawaida, tofauti yao ilikuwa ugumu wa povu tu. Mimi sikatai mto. Ninachokataa ni wazo kwamba mto au ukosefu wake ni dawa.

Kwa hiyo soli nyembamba inafaa nini? Inafaa kutembelea. Ushahidi bora upande wake uko hapa, na wauzaji wa viatu vya kukimbilia hawausemi sana kwa sababu hauna mbwembwe. Mwaka 2021 watafiti wa Liverpool waliripoti kwamba watu waliovaa viatu vya aina hii kwa shughuli zao za kila siku kwa miezi sita waliongeza nguvu za miguu kwa zaidi ya asilimia 57. Kabla yao, mwaka 2019, jaribio jingine la wiki nane lilionyesha kwamba kutembea tu katika viatu vyembamba kuliimarisha misuli midogo ya wayo sawasawa na kufanya mazoezi maalumu ya wayo. Katika kutembea mguu hupokea uzito wa mwili na nyongeza kidogo, si mara tatu yake, na kila wakati angalau mguu mmoja huwa chini. Ni ule ule uhamishaji wa mzigo, ila kwa vijiko badala ya ndoo.

Ushauri wangu basi unaanzia mbali na njia ya kukimbilia. Kama umevutiwa na chapa mpya, usiagize bado. Chukua raba ya kawaida ya turubai, ile ya soli bapa ya mpira ambayo wanafunzi huvaa na inayouzwa kwa bei ya kueleweka, itoe kitambaa cha ndani kama kinatoka, utembee nayo nusu saa kwa siku katika mizunguko yako: sokoni, kituo cha daladala, ofisini kama sheria za ofisi zinaruhusu. Ongeza muda wiki hadi wiki. Nyumbani tembea pekupeku sakafuni. Simama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, ubadilishane. Kila jioni shika ukuta, panda juu ya ncha za vidole ukihesabu hadi tatu, shuka ukihesabu hadi tatu, mara 15. Mwezi wa kwanza fanya kwa miguu yote miwili, baadaye mmoja mmoja. Asiyeweza kupanda na kushuka mara 20 kwa mguu mmoja bila kuyumba bado hana kigimbi cha kubebea kilichotolewa gotini, na jibu hilo amelipata bure.

Miezi miwili ikipita bila malalamiko, ndipo kiatu kipya kina haki ya kuvaliwa kukimbilia. Kosa linalorudiwa na wengi ni kukiongeza juu ya mazoezi yaliyopo. Kiatu chembamba kichukue nafasi ya kilomita, kisiongeze kilomita. Anayekimbia kilomita 20 kwa wiki akimbie moja tu na kiatu hicho, mwanzoni mwa mazoezi miguu ikiwa bado haijachoka, kisha avae vile vya zamani amalizie. Kubeba jozi ya pili mkononi ni kero, lakini mzunguko unaopita mlangoni kwako unaiondoa kero hiyo. Abaki na kilomita hiyo moja ya wiki kwa wiki tatu, ndipo aongeze nusu. Kwa mwendo huo, hadi kufikia theluthi ya mazoezi ni miezi sita au zaidi. Wengi watabaki hapo kwenye theluthi maisha yao yote, na sioni sababu ya kwenda mbali zaidi. Uchague ardhi pia. Lami na saruji laini hazifichi kitu na hukujibu haraka: ukitua vibaya unajua. Barabara ya kokoto chini ya milimita nne za mpira ni adhabu, na nyasi za uwanja huficha chupa zilizovunjika.

Jifunze kutofautisha maumivu. Kigimbi kilichochoka huuma pande zote, kwa siku mbili, na hulegea ukipata joto. Hayo ni maumivu ya kazi, kipumzishe uendelee. Maumivu unayoweza kuyagusa kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa wa wayo, yanayozidi kadiri unavyokimbia na yanayouma usiku, ni habari nyingine. Bonyeza mifupa ile mirefu nyuma ya vidole mmoja mmoja kila wiki, hasa wa pili na wa tatu. Ukiruka kwa uchungu mahali pamoja, acha kukimbia siku hiyohiyo umwone daktari, na usimsikilize anayekuambia "kaza, itazoea". Kumbuka pia kwamba picha ya kawaida ya eksirei inaweza kuonekana safi katika wiki za mwanzo za ufa mdogo, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kurudi njiani. Kisigino kinachouma hatua za kwanza za asubuhi na kano iliyovimba nyuma ya kifundo nazo zinataka upunguze, si ukaze.

Wapo ambao ningewaambia waache kabisa, hata kama kiatu kimezawadiwa. Mwenye kisukari ambaye ganzi imeanza miguuni hapaswi kuvaa kitu ambacho faida yake yote ni kuhisi ardhi. Hataihisi, na msumari utaingia bila taarifa. Aliyewahi kuvunjika mfupa wa wayo kwa kuzidisha mazoezi, na mwenye kano ya kisigino iliyokwisha kuugua, wanapeleka mzigo palepale palipokwisha kushindwa. Aliye na miezi mitatu kabla ya marathoni ya Kilimanjaro au mbio nyingine aliyojiandikishia asubiri zipite.

Ukifika kununua, pima mguu jioni, baada ya siku nzima ya kusimama, maana miguu huvimba. Kanyaga karatasi ukiwa umesimama kwa uzito wako wote, mtu mwingine achore mzunguko kwa kalamu iliyosimama wima, ukate umbo hilo kwa mkasi na uliingize ndani ya kiatu. Karatasi ikijikunja pembeni kwenye vidole, kiatu ni chembamba kwa upana, na "umbo la mguu" lililotajwa kwenye tangazo ni la mguu wa mtu mwingine. Ukinunua kwa mtandao, linganisha karatasi hiyo na vipimo vya sentimita vya chapa husika, usitegemee namba 42, kwa kuwa 42 ya kiwanda kimoja ni 41 ya kingine. Chapa iliyozinduliwa juzi haina mtu aliyekimbia nayo kilomita 500, hivyo sifa zote unazosoma ni za siku ya kwanza. Subiri miezi sita usikilize wanasema nini kuhusu soli kubanduka na kitambaa kupasuka pale kidole kidogo kinaposugua. Uliza kama kiatu kilichovaliwa ndani ya nyumba tu kinaweza kurudishwa, na gharama ya kukirudisha ni ya nani. Na vile vya zamani usimpe mtu bado. Bado vina kilomita 19 za kukimbia wiki hii.